Banalia: Janti mpya, makovu ya zamani

Hapa Banalia piki-piki ndiyo basi, ndiyo lori, na usiku mama anaposhikwa na uchungu ndiyo gari la wagonjwa. Mihogo inatoka shambani juu yake, mafuta ya mawese vilevile. Familia nyingi zilizohama makwao ziliingia hapa juu yake, mtoto mmoja mbele kwenye tangi, wawili nyuma, godoro limefungwa kwa mpira. Kwa hiyo habari ya janti, hata janti iliyokwaruzwa rangi tu, si habari ya vijana wanaopenda mapambo. Ni habari ya chungu cha nyumba fulani.

Kwa msikilizaji asiyeendesha: janti ni ule mduara wa chuma unaobeba pine. Zipo za aina mbili. Janti ya rayoni ina vijiti vingi vyembamba, na ikipinda fundi anainyoosha kwa kukaza rayoni hii na kulegeza ile. Janti ya aluminiumu inamiminwa kama sufuria, ina miguu mitano au sita minene, haiombi kukazwa kila juma, lakini pia haina huruma. Ikipasuka, imepasuka. Wapo wanaoipeleka kwa mchomeleaji. Moto unalegeza aluminiumu pembeni mwa mshono, na mara nyingi ufa unarudi karibu na pale pale.

Ya kununua iko Kisangani, kilomita 128. Kwenye vibanda vya Banalia unapata mipira ya ndani, minyororo, balbu, waya za breki. Janti ni kitu kikubwa, haikai kibandani. Na Kisangani yenyewe inaletewa: kwa mashua kutoka Kinshasa, safari ya majuma juu ya mto, au kwa malori kutoka mashariki, kupitia Butembo, Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, kila lori likiomba Mungu barabara iwe salama. Ndani ya lori janti inalala chini ya magunia. Karatoni inafunguliwa kizuizini, inafungwa tena kwa gundi, inatupwa chini na wapagazi, inapangwa dukani nyingine juu yake. Ikifika kutundikwa kwenye msumari, ni mpya kwa maana moja tu: hakuna aliyeipanda bado.

Msimu huu wa mvua motari mmoja wa hapa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alivunja janti ya nyuma kwenye daraja la mbao. Ubao wa mwisho ulikuwa umeinuka, abiria walikuwa wawili, na gunia la mchele katikati. Piki-piki si yake. Ni ya mama mmoja aliyetoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, wakati ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka Februari 2023. Alivuka na watoto, akakaa Kisangani muda, kisha akawafuata ndugu za mume hapa Banalia. Nyumba haipo. Shamba analitaja kama mtu anavyomtaja marehemu. Kilichobaki kutoka maisha ya kule ni hiyo piki-piki, na pesa ambayo kijana anamletea kila Jumamosi jioni.

Janti ikivunjika, Jumamosi haipo.

Wanawake wa likelemba yake walikubali kumpa zamu kabla ya wakati wake. Hilo si jambo dogo, sababu yule aliyempisha naye alikuwa na lake. Kijana akateremka Kisangani kama abiria, akazunguka maduka, akakuta namba inayofaa kwenye duka moja tu, na mwenye duka hauzi moja: ya mbele na ya nyuma zinakwenda pamoja, sahani na kifuniko. Alikagua namba iliyopigwa pembeni, 1.85x18, yaani upana na kimo kwa inchi, akaona ni yenyewe. Nailoni ilikuwa haijapasuliwa. Saa ilikuwa imekwenda, dereva wa kurudi alikuwa anapiga honi. Akalipa, akachukua risiti, akapanda.

Nailoni ilifunguliwa Banalia, uani, jioni, majirani wamesimama. Janti ya mbele ilikuwa na mkwaruzo mrefu kama kidole, rangi nyeusi imeondoka mpaka chuma cheupe kinaonekana. Karibu na tundu la valvu rangi ilikuwa imevimba kipele. Ya nyuma ilikuwa inang'aa vizuri zaidi, nyeusi kama kiatu cha mchungaji, lakini kwenye mguu mmoja kulikuwa na vitundu vidogo, kama ngozi iliyotolewa tekenya, na karibu na kitovu kistari chembamba ambacho mtu angeweza kudhani ni unywele ulioganda ndani ya rangi. Halafu weusi wa mbele na weusi wa nyuma haukuwa weusi mmoja.

Mama aliuliza tu: "Mwanangu, hizi ni mpya?"

"Ni mpya, mama. Nailoni umeiona mwenyewe."

Hapo mabishano yakaanza, na ni mabishano yanayosikika katika kila ua ambamo kitu kimenunuliwa kwa pesa ya mwisho. Jirani mmoja alisema zirudishwe kesho yake asubuhi, mtu hawezi kulipa bei ya kitu kizima akapewa kitu chenye kidonda. Mwingine akacheka: "Zifungwe! Piki-piki haiendi kuolewa." Kijana alitaka kupaka rangi usiku uleule, aibu iishe. Mama alikuwa anahesabu nauli ya kwenda na kurudi, ukubali wa mwenye duka ukiwa haujulikani, na Jumamosi ngapi zitapita.

Wote walikuwa wanazungumza juu ya uso wa janti, na uso hauwezi kujibu swali la uso. Mkwaruzo mrefu unaotisha macho unaweza kuwa si kitu. Kistari kisichoonekana vizuri kinaweza kuwa mwanzo wa kumwaga watu wawili na gunia la mchele barabarani. Aliyeokoa jioni ile ni fundi, mzee mmoja anayetengeneza piki-piki chini ya mwembe, ambaye alikataa kutoa maoni yoyote kabla ya kuosha. "Kwanza sabuni," alisema. "Mnagombana na vumbi."

Alichofanya asubuhi iliyofuata kinastahili kuelezwa polepole, sababu hakihitaji mashine wala umeme.

Alianza na sumaku, aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku haishiki aluminiumu. Ikishika, basi umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya aluminiumu. Na kwenye janti ya chuma cha kweli sumaku hiyohiyo ina kazi ya pili: ukiipitisha taratibu, pale inapolegea ghafla chini ya rangi kuna masitiki, yaani mtu alijaza bonde na akapaka juu. Hizi mbili zilikuwa aluminiumu.

Kisha akapitisha ukucha. Mkwaruzo wa rangi tu, ukucha unateleza. Ule wa mbele ukucha ulikwama kidogo mwanzoni, ukaachia. Kile kipele karibu na valvu alikitumbua kwa ncha ya kisu: ndani hakukuwa na kitu zaidi ya tone la rangi lililokauka juu kabla ya chini. Vile vitundu vya nyuma alivieleza kwa mfano wa sufuria zinazomiminwa: aluminiumu ya moto inabeba hewa, hewa isipopata njia ya kutoka inaacha vitundu. Vikiwa vichache, vya juu juu, mbali na mahali pine inapokaa, ni sura mbaya tu. Vikiwa vingi kwenye shina la mguu, au vikifuatana kama siafu, hapana.

Kikabaki kile kistari.

Hapo mzee alichukua mafuta ya taa, akayapaka kwa kitambaa juu ya mguu wote na kitovu, akaiacha janti kivulini kama nusu saa. Mafuta ya taa ni mepesi, yanaingia mahali maji hayaingii. Kisha akafuta, akafuta tena mpaka kitambaa kikawa kikavu. Akasaga chaki ya shule, akaikoroga na lotoko kidogo, na hapo bila shaka wapo waliosema ni hasara ya lotoko, akapaka ule uji mweupe juu. Pombe ikaruka hewani, chaki ikabaki kavu kama unga. Wakakaa kungoja. Njia hii ni ya zamani sana, mafundi wa reli huko Ulaya na Marekani walikagulia vyuma vya magari ya moshi kwa mafuta na chokaa kabla hakujakuwa na vifaa vya leo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu yakilowesha chaki, na ufa unajichora wenyewe.

Vile vitundu vilijichora kama nukta, zikabaki nukta. Kile kistari kilijichora, kikarefuka, kikapinda pembeni mwa shina la mguu mpaka ukingoni. Mzee hakusema neno, alionyesha tu kwa kidole. Janti nzuri, ile inayong'aa, ndiyo ilikuwa mbovu. Ile yenye kovu ilikuwa nzima.

Alimaliza kwa mzunguko. Janti ya mbele aliitia kwenye ekseli, akafunga waya kwenye foku mpaka ncha ikakaribia kugusa ukingo, akaizungusha taratibu. Viwanda vingi vya piki-piki vinakubali kuyumba hadi milimita 2, karibu unene wa njiti ya kiberiti. Njiti haikupita hata mara moja mahali ncha ilipokuwa mbali zaidi. Hiyo ingefungwa.

Sasa kuhusu mwenye duka. Chini ya risiti kulikuwa na ule msemo ambao kila mtu Kongo ameuona: bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Wengi wanausoma kama amri ya Mungu. Ni maneno ya mpiga chapa. Sheria ya mikataba inayotumika nchini ni ya zamani kuliko duka lolote la Kisangani: ilitiwa sahihi tarehe 30 Julai 1888, siku kumi na moja tu baada ya Mwingereza Barttelot, aliyeachwa na Stanley kuongoza kundi la nyuma, kupigwa risasi hapa hapa Banalia. Sheria hiyo inasema muuzaji anabeba ila iliyofichika, ile inayokifanya kitu kisifae kazi yake au kipungue kiasi kwamba mnunuzi angejua asingenunua, au angetoa pesa ndogo zaidi. Haibebi ila ya wazi, ambayo mnunuzi angeweza kuiona kwa macho yake mwenyewe.

Hapo ndipo mkwaruzo na ufa vinatengana mbele ya sheria kama vilivyotengana mbele ya chaki. Mkwaruzo ulikuwa chini ya nailoni. Muuzaji atasema: ungefungua. Na kwa kweli angefungua. Ufa uliohitaji mafuta ya taa, chaki na lotoko ili uonekane, hakuna mteja anayeuona mbele ya kaunta. Hakuna atakayekwenda mahakamani kwa janti moja, nauli ya mawakili inazidi bei. Lakini mtu anayejua kipi ni haki yake na kipi ni ombi anazungumza kwa sauti nyingine kwenye simu.

Kijana alikuwa na bahati ya kutofunga pine. Pine ikishafungwa, alama za vyuma vya kwado zinabaki ukingoni, na kila muuzaji anajua kusema: hii umeitumia. Picha zilipigwa janti ikiwa chini juu ya nailoni yake, risiti kando, namba ikionekana. Video fupi ya chaki ikijichora ilitumwa mtandao ulipokubali, saa tano usiku.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ufa umetoka na barabara ya Banalia. La pili, kwamba duka si kiwanda. La tatu lilikuwa bora: "Ilete tuione." Mama ndiye aliyeshika simu mara hiyo, akamwita mwenye duka "papa", akamuuliza kwa upole kama yeye angempandisha mtoto wake kwenye janti ile. Upande wa pili kulikuwa kimya kidogo.

Janti ilishuka Kisangani na motari mwenzake kijana, aliyekuwa na abiria wa kupeleka. Ikabadilishwa. Safari hii aliyetumwa hakukubali nailoni. Alifungua pale kaunta, akaosha kwa maji ya kunywa, akapitisha ukucha, akaitoa sumaku mfukoni, wateja wengine wakimtazama. Alikataa ya kwanza, akakataa ya pili, akachukua ya tatu. Kuhusu mkwaruzo wa janti ya mbele, mama aliomba bei ipunguzwe, mwenye duka akakataa pesa ila akatoa mipira miwili ya ndani. Mama akasema ichukuliwe.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi hapa, hata kama wafanyabiashara hawatalipenda. Katika kila rundo la bidhaa zipo nzuri, zipo zenye doa, na chache mbovu, na lazima ziende kwa mtu. Mteja wa Makiso akipewa mbovu, kesho yake saa mbili asubuhi yuko mlangoni na kelele, mbele ya wateja wengine. Mteja wa Banalia anarudi baada ya juma, kama anarudi, amelipa nauli mara mbili, amechoka, na mara nyingi ameshaifunga. Si lazima muuzaji awe mwizi. Mkono tu unajua wenyewe utoe ipi kwa nani. Kilomita 128 ni sehemu ya bei, na anayelipa sehemu hiyo ni yule aliye mbali. Familia zilizohama ziko mbali mara mbili, sababu pesa yao ni moja na hawana mjomba mjini wa kuwasimamia kwenye kaunta.

Njia ya kupunguza umbali huo ni kutuma macho kabla ya pesa. Wamotari wanashuka na kupanda kila siku. Mmoja wao akikagua na kupiga picha ya kitu kilichofunguliwa, kila upande, kabla hakijalipiwa, ni kazi ya dakika kumi. Na ila ya uso ikionekana pale pale kaunta, inakuwa punguzo. Ikionekana Banalia, inakuwa fadhila ya kuombwa.

Ilibaki kutibu kovu la mbele, na kazi hii nayo ina namna yake. Rangi kwenye aluminiumu si urembo mtupu. Hapa ni karibu na ikweta, mvua haikai mbali, na unyevu ukiingia chini ya ukingo wa rangi iliyovunjika unatembea kama mchwa, unaacha unga mweupe na kuinua rangi nzima nyuma yake. Kwenye janti za chuma zenye kromu ni vibaya zaidi, sababu ile kromu inayong'aa kwa kawaida haifiki hata unene wa elfu moja ya milimita, na kitundu kimoja kinatosha kuanzisha kutu. Kwa hiyo mzee alimwambia kijana asiache kovu wazi, lakini pia asikimbilie brashi.

Kwanza msasa mwembamba na maji, mpaka ukingo wa mkwaruzo usisikike tena kwa kidole. Kisha sabuni, kisha kitambaa chenye esansi kuondoa mafuta ya mikono, kisha jua. Rangi nyembamba, mara tatu, kila moja ikauke. Mahali pine inapokaa ndani, hapana rangi nene, na punje yoyote ya chuma iondolewe kwa tupa kabla haijatoboa mpira. Kwenye uso ambapo kitovu kinakutana na sahani ya mnyororo na boliti, hapana rangi kabisa. Rangi inabonyea pole pole, boliti zinalegea, na dereva anashangaa nani alizilegeza. Wapo vijana wanaopaka janti yote, boliti na kila kitu, kwa kupenda usawa wa rangi. Mzee anawaita wachoraji.

Kijana hakupata rangi ileile sokoni. Alipata kopo la rangi nyeusi ya milango. Ikakauka siku mbili kwa sababu ya mvua, na ilipokauka ilikuwa inang'aa kuliko ya nyuma, kiraka chake kinaonekana hata piki-piki ikiwa inakimbia. Alijaribu kumweleza mama sababu ya rangi kutofanana. Mama alikuwa ameshainama kuangalia upande mwingine, kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, ana chaki mkononi.